Mahali Kufikika: Istilahi za Hifadhi za Ardhioevu na Wageni wenye Ulemavu Mkoani Kagera

Kati ya kazi zinazowafikia wafasiri wa ofisi za Serikali, na walimu ambao aghalabu huombwa "kusaidia Kiswahili kidogo", imo ile ya kufasiri maelezo ya wageni: vibao vya langoni, vijikaratasi vya njia na matangazo ya ada. Kazi hiyo huonekana nyepesi, kwa kuwa maneno ni machache na hapana mafumbo ndani yake. Hebu tuseme, hata hivyo, kwamba kijikaratasi kimoja kinahusu eneo la mafunjo na maji kandokando ya Ziwa Victoria, mahali fulani kati ya Bukoba na Muleba, na kwamba kina sentensi fupi ya Kiingereza inayomwarifu mgeni atumiaye kiti cha magurudumu kuwa njia ya kwendea kutazama ndege inamfaa. Mfasiri akaandika: "Njia inapitika." Sentensi hiyo ni fasaha, wala hakuna mwalimu atakayeitia wino mwekundu. Lakini mkazi wa Kagera aisomapo huelewa lile analolielewa kila masika, yaani kwamba gari halitakwama. Mzazi aliyemleta mwanawe kutoka Muleba kwa kuitegemea sentensi hiyo atafika, ataikuta njia pana isiyo na tope, na mwisho wake atakuta jukwaa lenye ngazi ya vidato vitano. Njia ilipitika kweli. Mtoto atabaki chini, akiwatazama wenziwe wanaotazama ndege.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazohitajika ili kosa la namna hiyo lisitokee. Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwani sasa neno analolichagua mtumishi mezani pake laweza kuwa ndilo litakalosomwa mbele ya hakimu.

Ardhi yenyewe

Tuanze na mahali. Mvua inyeshayo Bukoba hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji hayo hutuama mabondeni kabla ya kufika ziwani. Bonde la Mto Ngono, unaotiririka kwenda kaskazini hadi Mto Kagera. Msitu wa Minziro katika Wilaya ya Missenyi, ambao hufurika kwa majira. Ziwa Ikimba na kingo zake. Ziwa Burigi upande wa magharibi wa Muleba: hizi zote ni sehemu za aina moja pana, na aina hiyo ndiyo iitwayo ardhioevu. Sifa oevu ni ya kitu kilicholowa maji, na neno zima limekwisha kukubalika katika sera na sheria za mazingira. Baadhi ya waandishi hulitenga kuwa maneno mawili. Sisi tunaliunga, kwa sababu linataja kitu kimoja, ambacho hubaki kuwa ardhioevu hata mwezi ambao udongo wake umepasuka kwa jua.

Mfasiri asidhani kwamba ardhioevu imefuta maneno ya zamani. Kinamasi ni mahali pa matope na maji yasiyotembea. Chepechepe ni hali ya udongo ulioshiba maji. Mafunjo ni yale matete marefu yenye vichwa kama fagio, ambayo mabondeni Kagera huota kwa wingi. Neno hilo la mwisho lina ndugu karibu kabisa: Kinyankole cha ng'ambo ya mpaka kina orufunjo. Mwalimu wa Kagera akianza na neno ambalo mwanafunzi amelisikia katika lugha za huko, somo litakuwa limekwisha kufika nusu. Hata hivyo rweya ya Wahaya, ile nyika ya majani iliyo nje ya vibanja vya migomba, isichanganywe na maneno haya. Wageni wengi huiona rweya imejaa umande asubuhi na kuiita kinamasi.

Neno mbuga lina historia ya kuchekesha. Katika nyanda za magharibi mbuga ni bonde tambarare la udongo mweusi wa mfinyanzi, lijaalo maji wakati wa masika, na wataalamu wa udongo walilichukua kwa maana hiyohiyo. Kwa kuwa wanyama hupenda malisho ya mahali kama hapo, watu wakasema "mbuga ya wanyama", kisha maji yakasahaulika, na leo mbuga ni mahali popote penye simba na lango. Katika maandishi rasmi neno hili liachwe kwa mazungumzo, kwa maana sheria zetu zimeyapanga maeneo haya kwa majina mengine, na kila jina lina mamlaka yake.

Majina hayo hayabadilishani nafasi. Hifadhi ya Taifa husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, na humo hakuna uwindaji. Pori la akiba ni eneo ambalo uwindaji waweza kuruhusiwa kwa kibali. Hifadhi ya mazingira asilia ni msitu uliotengwa kwa ajili ya viumbe vyake, nao uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Burigi, Biharamulo na Kimisi yalikuwa mapori ya akiba hadi mwaka 2019, yalipounganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambayo sehemu yake imo Wilaya ya Muleba. Minziro ni hifadhi ya mazingira asilia. Mfasiri akiiita Minziro pori la akiba, mgeni ataenda kuomba kibali ofisi isiyohusika. Na kama mgeni huyo alitumia nguvu nyingi kufika ofisi hiyo kwa magongo, atakuwa ameadhibiwa kwa kosa la mtu mwingine.

Wageni

Kuhusu watu, lugha yetu imesafiri safari ndefu kwa muda mfupi. Zamani kilema, kiwete, kipofu, kiziwi na bubu yalitumika bila kificho, manne ya kwanza yakiwa na umbo la ngeli ya vitu ingawa wenyewe huchukua upatanisho wa watu. Sheria mbili za mwaka 1982, ile ya ajira na ile ya matunzo, zilipokuwa zikizungumzwa kwa Kiswahili, neno lililotawala lilikuwa walemavu. Sheria ya mwaka 2010 ni Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na hiyo ndiyo namna inayotakiwa sasa katika maandishi rasmi: kwanza mtu, kisha hali aliyo nayo.

Lakini kanuni isitumiwe kama panga. Chama cha Viziwi Tanzania kinajiita hivyo kwa hiari yake, kwa kuwa wanachama wake hujiona kuwa jamii yenye lugha yake, Lugha ya Alama ya Tanzania. Mfasiri anayewabadilishia jina kuwa "watu wenye tatizo la kusikia" hajawaheshimu, amewasahihisha. Chama cha Wasioona nacho kimechagua kitenzi badala ya nomino. Tufuate jina ambalo wenyewe wamejipa, na pale ambapo hawajasemea, tutumie watu wenye ulemavu. Upatanisho ni jambo la lazima: viziwi wanaokuja, kamwe isiandikwe viziwi vinavyokuja.

Bukoba yenyewe imetupa neno jingine la kufikiria. Shule ya Msingi Mugeza Mseto imebeba katika jina lake neno la jikoni: mseto ni chakula cha nafaka na kunde vilivyopikwa chungu kimoja, kila kimoja kikiwa bado kinaonekana. Leo wataalamu wa elimu hupendelea jumuishi, nasi hatuna ugomvi nalo, ila tunakiri kwamba mseto una ladha zaidi.

Neno mtalii nalo lina tatizo dogo. Kwa wasomaji wengi mtalii ni mtu aliyeshuka kwenye ndege akiwa na kamera. Mtoto wa Mugeza aliyekuja kwa basi la kukodi pamoja na mwalimu wake hajioni humo. Katika vibao, mgeni latosha.

Kufikika

Sasa tufike kwenye kiini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, nayo Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Kifungu chake cha 9 kinazungumzia mazingira, usafiri, habari na mawasiliano, na kifungu cha 30 kinataja wazi mahali pa michezo, burudani na utalii. Katika Kiingereza chake mambo haya yote hubebwa na nomino moja ndefu yenye asili ya Kilatini. Wafasiri wetu wameipa nomino hiyo majina kadhaa: upatikanaji, ufikiaji, ufikivu, ufikikaji, na katika hotuba, "miundombinu rafiki".

Upatikanaji tuuondoe mara moja. Kitu kinachopatikana kipo. Hatujasema ni nani aweza kukifikia. Choo kinapatikana, lakini mlango wake una upana wa sentimita 60.

Ufikiaji unaeleza tendo la mtu anayefikia. Macho ya msomaji yanamwelekea mgeni: je, anaweza au hawezi? Ufikivu unaelekea palepale, kwa sababu ya kiambishi chake. Kiambishi -vu, kinapounda sifa kutokana na kitenzi, kwa kawaida huitia hali ndani ya yule aliye nayo: msikivu, mvumilivu, mpotevu. Hata mlemavu lenyewe limetokana na kulemaa kwa njia hiyohiyo. Kwa mizani hiyo, mfikivu angekuwa mtu mwenye tabia ya kufika. Tunajua kwamba ufikivu umekwisha kuingia katika maandishi mengi, na istilahi iliyozoeleka haing'olewi kwa makala moja. Lakini mwalimu anayeulizwa sababu awe na jibu.

Kauli ya kutendeka inafanya kazi ambayo hayo mengine hayaifanyi. Tukisema "jukwaa halifikiki", kiima cha sentensi ni jukwaa, na upungufu umewekwa juu ya mbao na misumari yake. Mgeni hajatajwa kwa udhaifu wowote. Hivyo ndivyo sheria inavyotaka tuone mambo: kizuizi kipo mahali, na aliyejenga mahali hapo ndiye mwenye deni. Sarufi ya Kiswahili ilikuwa na njia ya kulisema hili zamani sana kabla ya mikataba. Kwa hiyo nomino, pale inapohitajika katika kichwa cha sura au jina la kanuni, na iwe ufikikaji, iliyoundwa kama ulivyoundwa upatikanaji kutokana na kupatikana. Ni nzito mdomoni, hilo hatulikatai.

Dawa ya uzito wake ni kuitumia mara chache. Penye kitenzi pasiwekwe nomino. Kiingereza kililazimika kukusanya mambo mengi katika neno moja. Kiswahili kinaweza kuyataja kila moja kwa kitenzi chake. Lango linafikika kutoka kituo cha basi. Ofisi inaingilika. Ujia unapitika kwa kiti. Choo kinatumika na mtu aliyeketi. Kibao kinasomeka kwa mwenye uoni hafifu. Maelezo ya kiongozi yanaeleweka kwa lugha ya alama. Afisa akijaribu kuandika sentensi hizo sita kuhusu kituo chake, ataona mara moja ni ipi asiyoweza kuiandika kwa ukweli, ilhali neno "rafiki" lingemruhusu kuzipita zote bila kuona haya. Urafiki haupimwi kwa futi kamba.

Jambo moja la nyakati. Kauli ya kutendeka inaweza kueleza hali ya sasa au uwezekano wa siku zote, na katika ardhioevu tofauti hiyo ni kubwa. Hufikika ni desturi ya mahali. Inafikika ni habari ya leo. Ziwa Victoria lilipopanda sana mwaka 2020, kingo nyingi ambazo hufikika zilikuwa hazifikiki. Kibao cha chuma kiandikwe kwa hu-. Ubao wa chaki langoni uandikwe kwa -na-.

Vifaa na vipimo

Katika vifaa kuna fujo kidogo. Kiti cha magurudumu na kitimwendo yote yanatumika, nayo yanaeleweka. Wengine wameandika "ngazi mteremko" kwa ile njia iliyoinama inayochukua nafasi ya ngazi. Istilahi hiyo inajipinga yenyewe, kwani inakiita kitu kwa jina la kile kilichoondolewa. Njia ya mteremko inatosha, hata kama apandaye atanung'unika kwamba kwake ni mpando. Kipimo chake kinachokubalika katika nchi nyingi ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda ihitaji sentimita 12 za urefu. Kidato kimoja cha sentimita 15 kwa hiyo huhitaji njia ya mita 1.8, na vile vidato vitano vya jukwaa letu vitahitaji mita 9, mbali na mahali tambarare pa kupumzikia. Tunalitaja hili kwa sababu mfasiri aandikaye "mteremko mdogo" bila tarakimu amemwachia fundi akadirie kwa jicho.

Njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya maji tunapendekeza iitwe ujia wa mbao. Daraja huvuka kutoka ng'ambo hii hadi ile. Ujia huu hauvuki chochote, unaingia ndani ya mafunjo na kuishia humo. Una faida mbili kwa pamoja, maana miguu ya wageni haikanyagi mimea na magurudumu hayazami. Mbao zake zilazwe kukatiza mwelekeo wa mwendo, kwa sababu zikilazwa kwa urefu gurudumu jembamba la mbele hunasa katika nyufa. Pembeni kuwe na kizingiti kifupi, ambacho fimbo nyeupe hukigusa na mwenye nayo akajua ukingo uko wapi. Kizingiti katika matumizi ya kila siku ni cha mlangoni, na msomaji anaweza kujikwaa. Basi katika maelezo ya kwanza iandikwe "kizingiti cha pembeni".

Kuhusu upana, sentimita 90 humtosha mtu mmoja aliye katika kiti, na mduara wa sentimita 150 humwezesha kugeuka. Vipimo hivi vimo katika vitabu vya nchi nyingi, na hapo ndipo mfasiri wa Kagera anapopaswa kuinua kalamu. Katika barabara zetu wengi hawatumii kiti hicho. Hutumia baiskeli ya magurudumu matatu, inayoendeshwa kwa mikono, ambayo mara nyingi ni pana na ndefu zaidi na haiwezi kugeuka palepale. Mfasiri akihamisha "kiti cha magurudumu: sentimita 90" neno kwa neno, tafsiri yake itakuwa sahihi na mwenye baiskeli atanasa katikati ya mafunjo bila mahali pa kurudia. Kiswahili cha kibao lazima kiitaje baiskeli kwa jina lake.

Pana pia suala la macho. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977 kusini-magharibi mwa ziwa, na katika sehemu nyingine za mafunjo ukanda huu, mgeni hutarajia kumwona nzohe, swala wa majini ambaye kwato zake ndefu zilizopanuka humwezesha kutembea juu ya matope. Reli ya kushikilia iliyowekwa kwa kimo cha aliyesimama humkinga aliyeketi asimwone nzohe wala maji. Iandikwe, basi, reli isiyokinga macho ya aliyeketi. Ni ndefu, lakini fundi hataulizia maana yake. Na kwa wasioona, maneno "njia ya kutazama ndege" yanaweka mpaka usiokuwapo, kwa kuwa ndege wengi wa mafunjo husikika siku nzima na kuonekana kwa nukta moja. "Njia ya ndege" inawatosha wote. Maelezo yaliyochapwa kwa nukta nundu yaitwe hivyo, au breli. Yote mawili yanakubalika.

Kwa kuyakusanya haya, tunatoa mfano wa kibao. Vipimo ni vya kubuni, na kila kituo kitaweka vyake.

UJIA WA MAFUNJO. Urefu mita 400 kwenda, na kurudi kwa njia ileile. Upana sentimita 150. Ujia wote ni wa mbao na hauna ngazi. Kiti cha magurudumu hupita bila msaada hadi jukwaa la kwanza. Baiskeli ya magurudumu matatu hupita hadi jukwaa la kwanza na kugeukia hapo. Jukwaa la pili lina ngazi ya vidato vitano. Machi hadi Mei uliza langoni.

Walimu watatabasamu kwa vidato, nao wana haki: kabla ya kidato kuwa darasa la sekondari kilikuwa kipandio cha ngazi, na hapa kimerudi kazini kwake. Neno lililotusumbua zaidi katika kibao hiki ni uliza. Kwa mgeni kiziwi lina maana tu ikiwa langoni yupo ajuaye lugha ya alama, au aliye tayari kuandika. Pasipokuwa na mtu huyo, sentensi ya mwisho ibadilishwe kuwa "Machi hadi Mei soma ubao wa langoni", na kila asubuhi mlinzi aandike kwa chaki moja kati ya maneno mawili: unafikika, au haufikiki.